Mafia hadi Kilwa kwa mashua mwezi wa Julai: nahodha yupi anasema kweli?

Swali: Sisi ni marafiki saba, wakazi wa Dar es Salaam, na tumepata likizo ya siku tano katikati ya Julai. Tunataka kukodi mashua Mafia, twende nayo Songo Songo na Kilwa, tuvue, tuogelee na kulala visiwani, kisha turudi Mafia tulikoanzia. Wawili kati yetu hawajui kuogelea. Nahodha mmoja wa Mafia amekubali papo hapo kwa bei nafuu, akisema ana mashine iwapo upepo utakuwa mbaya. Mwingine, wa Kilwa, ameikataa kabisa njia hiyo. Anataka tuanzie Kilwa na kuishia Mafia, tena anadai malipo ya siku nane ilhali tutakuwa naye siku nne tu. Tunahisi anatutapeli. Unatushauri nini?

Jibu: Nahodha wa Kilwa hakuwatapeli, ndugu yangu. Katika watu wote mliozungumza nao kuhusu safari hii, naona ni yeye peke yake aliyewaambia ukweli, na hata zile siku nane anazozidai zina hesabu yake, ambayo nitaieleza. Ningekuwa mmoja wenu ningepanda basi la Kilwa.

Mwezi wa Julai ndio wakati kusi inapokuwa imeshika bahari. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, siku baada ya siku, na ndio kipindi ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara ile tahadhari yake ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kutoka Mafia kwenda Kilwa ni kwenda kusini, na mashua yenye tanga moja la pembe tatu, hata ikiwa na nahodha hodari kiasi gani, haiwezi kuelekea unakotoka upepo. Inalazimika kubisha, yaani kukata upande mmoja, kugeuza tanga, kisha kukata upande wa pili, na kwa namna matanga yetu yalivyo, chombo husafiri takriban kilomita mbili ili kisogee mbele kilomita moja. Tuseme mashua yenu inakimbia kilomita 8 kwa saa, ambao ni mwendo mzuri. Kwa kubisha itasogea kilomita 4. Sasa ondoa mkondo wa bahari. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima na hupata nguvu zaidi wakati wa kusi, na kasi ya kilomita 4 kwa saa kwake si jambo la ajabu. Hapo ndipo mtu hubisha tangu alfajiri hadi magharibi akiwa amelowa mwili mzima, na jioni akainua macho akaona bado yuko mahali pale pale.

Hilo halikunifika kwa kusimuliwa. Nilipokuwa baharia kijana, mwenye chombo alitutuma kusini katikati ya kusi kwa sababu mzigo ulikuwa na haraka, na siku ya pili tulibisha mchana kutwa tukiwa tunaelekea Songo Songo kutoka kisiwa kidogo cha Okuza. Kulikuwa na mnazi mmoja ulioinama ambao tuliuacha nyuma asubuhi. Jua lilipokuwa linatua tuliuona tena, ukubwa ule ule, upande ule ule. Tulikaa Okuza siku tano tukingoja upepo upungue, tukila samaki na kugawana maji kwa kikombe. Sisi tulikuwa watu wa kazi, tumezoea. Ninyi mtakuwa na watu wawili wasiojua kuogelea, na likizo yenu itakwisha siku hiyo ya tano mkiwa bado mnautazama mnazi.

Kuhusu mashine, msiihesabu kuwa dawa ya jambo hili. Mashine ndogo ya kuning'inizwa nyuma ya mashua inafaa kuingilia bandarini, kujitoa kwenye mwamba upepo unapokatika, au kumwahisha mgonjwa penye maji matulivu. Katika mawimbi ya mita 2 yanayokuja mbele, shetri, yaani nyuma ya chombo, huinuka, panga la mashine hutoka majini na kulia hewani, kisha huzama tena kwa kishindo, na mafuta huteketea bila chombo kusogea inavyotakiwa. Ikizima hapo, upepo na mawimbi yatawasukuma upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, na upande huo kwenye njia ya Mafia kuna mafungu ya mchanga na maji machafu ya delta ya Rufiji. Nahodha anayesema “hakuna shida, mashine ipo” kabla hajauliza hata idadi ya watu na mwezi wa safari, bei yake nafuu si ya kufurahia.

Sasa hesabu ya siku nane. Kutoka Kilwa kwenda Mafia, kusi itakuwa mgongoni mwenu na mkondo utakuwa unawasukuma, kwa hiyo zile kilomita zaidi ya 100 mtazikata kwa raha katika siku mtakazotaka. Mkishashuka na kuingia zenu Kilindoni, mji wa Mafia, kutafuta kivuko cha Nyamisati au ndege, nahodha atabaki na mashua tupu ambayo lazima airudishe kwao, akibisha dhidi ya upepo ule ule niliowaeleza. Ataondoka alfajiri wakati kusi haijapata nguvu, atajibanza nyuma ya mwamba au kisiwa adhuhuri, atalala dago, yaani kambi ya muda, pamoja na wavuvi, na pengine atangoja siku mbili zipite. Siku nne anazozidai juu ya zenu ndizo hizo. Kwa maoni yangu amejipunja, maana huenda zikawa sita. Mlipeni, na mkijaliwa muongezeeni unga, sukari na mafuta ya njia ya kurudi.

Ninavyoiona safari yenyewe ni hivi. Siku ya kwanza ni ya basi, takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko. Siku ya pili msiende bahari kuu bado. Vukeni na mashua hadi Kilwa Kisiwani, mwone Msikiti Mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa. Huo ndio mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sababu yangu ya kuwapeleka huko si historia peke yake. Maji ya ndani ya bandari ya Kilwa ni matulivu, na siku hiyo moja itawafundisha kukaa chomboni: wapi pa kuweka mguu, kamba ipi isikaliwe, kichwa kiinamishwe wakati gani foromali, ule mti unaobeba tanga, inapopita. Kamba ya demani ndiyo inayolizuia tanga, na tanga likishika upepo ghafla kamba hiyo huweza kumrusha mtu baharini. Anayeketi juu yake ajue nahodha atamkaripia, na ana haki ya kumkaripia.

Siku ya tatu mnaondoka kabla jua halijachomoza kwenda Songo Songo, kama kilomita 45, ambazo kwa upepo wa nyuma ni saa tano hivi. Kutoka kisiwa hicho gesi imekuwa ikisafirishwa tangu mwaka 2004, na bomba lake hupita chini ya bahari hadi Somanga, kwa hiyo kabla ya kutia nanga muulizeni mwenyeji bomba linapita wapi. Siku ya nne ni ya Nyuni na Okuza, visiwa vidogo ambako mtakuta madago ya wavuvi. Mkifika, nendeni kwanza mkasalimie, mseme mmetoka wapi na mtalala wapi, ndipo mteremshe vyungu. Siku ya tano ni kutoka Okuza hadi ghuba ya Chole, kama kilomita 40. Julai ni mwezi ambao nyangumi hupita katika pwani yetu, na mara nyingi nimewaona katika sehemu hii ya njia wakipumua mbali upande wa mashariki. Kaeni mbali nao na msimwombe nahodha awafuate.

Mmeona kwamba siku tano zimekwisha na hakuna hata moja ya akiba. Huo ndio upungufu mkubwa uliobaki katika mpango wenu. Ombeni siku mbili zaidi kazini. Mkikosa, iacheni Okuza na Nyuni, au bora zaidi tafuteni wakati mwingine, kwa sababu kinachowaua watu baharini mara nyingi ni tiketi ya kurudi: mtu anajua upepo si mzuri lakini lazima afike kazini Jumatatu. Tunaikumbuka meli ya abiria MV Skagit iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, ndani ya msimu huu huu wa kusi, na ile ilikuwa meli.

Jambo ambalo hamkuuliza kabisa, nami ningeliuliza kwanza, ni maji yatakuwaje siku hizo. Katika pwani yetu bamvua, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kufikia mita 4 hivi. Maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo, na tofauti huwa ndogo sana. Watu wa pwani wanajua bila kutazama karatasi kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ningepanga siku ya kuingia Mafia iangukie kwenye bamvua, kwa sababu hii: mlango wa Kinasi, unaoingia ghuba ya Chole, una mkondo mkali, na maji yanapotoka yakakutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi hayo husimama wima na kuvunjika. Siku ya bamvua mkiondoka Okuza alfajiri mtafika mlangoni karibu saa tano au sita mchana. Maji yatakuwa yameanza kujaa na yanaingia pamoja nanyi, na jua litakuwa juu, hivyo aliyesimama omo, mbele ya chombo, ataona rangi ya maji na kutofautisha mwamba na mchanga. Siku ya maji mafu, saa hiyo hiyo, mngekuta maji yanatoka. Si jambo la kuwazamisha katika hali ya kawaida, lakini kwa nini mchague mlango mgumu wakati mwepesi upo?

Kuvua ni sehemu rahisi zaidi ya safari hii. Mashua inayokimbia na upepo wa nyuma ndicho chombo bora cha kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya chombo. Wekeni mishipi miwili tu, mmoja mrefu na mmoja mfupi, ili isisokotane, na karibu na ndoana muunge kipande cha waya, kwa sababu meno ya nguru hukata nailoni kama wembe. Kando ya miamba, hasa asubuhi, mtapata kolekole na nguru, na Mungu akipenda jodari. Mkishatia nanga, mshipi wenye chubwi, yaani kizito cha risasi, na chambo cha ngisi utawapa changu wa kutosha jungu la jioni. Kuna sharti moja ambalo sitalegeza: mtu asizungushe mshipi mkononi, hata kidogo, hata samaki akionekana mdogo. Nimeona kidole kilichokatwa kwa njia hiyo na sitaki kukiona kingine. Mkishaingia katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza nchini, kunjeni mishipi yote kwanza. Kuna maeneo ya hifadhi hiyo ambayo uvuvi wa aina yoyote umekatazwa, na wageni hulipa ada ya kuingia. Ulizeni katika ofisi ya hifadhi Utende kabla ya kutupa ndoana.

Samaki mliyemvua mwenyewe anaweza pia kuwadhuru. Jodari na jamii yake akiachwa juani kwa saa chache hujenga sumu ambayo kupika hakuiondoi, hata mkimchemsha hadi nyama iachane na mfupa. Uso huwa mwekundu, kichwa hugonga na moyo hwenda mbio. Mtoeni matumbo mara moja, mwekeni kwenye barafu, na kama barafu imekwisha, mleni mchana huo huo au msimvue. Bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha, msimguse kwa nia ya kumla, hata baharia akisema anajua kumsafisha. Kasa ni mnyama anayelindwa na sheria, na nyama yake huweza kuwa sumu: Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walifariki kwa kuila, na wanane kati yao walikuwa watoto.

Kuogelea kunahitaji utaratibu zaidi ya kuvua, na ninaona watu wengi hufanya kinyume. Nanga ikishashika, msikimbilie kujitosa. Tupeni kumbi la nazi majini mtazame linakwenda wapi na kwa kasi gani. Likikuacha kwa mwendo wa mtu anayetembea, hapo si pa kuogelea, ngojeni maji yasimame. Likitulia, fungeni kamba ndefu nyuma ya chombo, mita 30 au zaidi, yenye boya mwishoni, ili yeyote aliyezidiwa na mkondo awe na kitu cha kushika kabla hajapita. Waogeleaji waanze kwa kuelekea juu ya mkondo, ili wakichoka warudishwe chomboni na siyo kupelekwa mbali nacho. Baharia mmoja abaki chomboni daima, asiyelala na asiyepika, kazi yake ikiwa kuhesabu vichwa. Pale mlipotupa matumbo ya samaki msiogelee.

Wale wenzenu wawili wavae majaketi ya kujiokolea tangu wanapokanyaga mashua hadi wanaposhuka, siyo wakati wa kuogelea tu, na nanyi wengine mvae kila chombo kinapokuwa kinatembea. Jaribuni kila jaketi Dar es Salaam kabla ya safari, likiwa limefungwa, kwenye maji ya kifua. Jaketi linalopanda hadi masikioni halitamsaidia mtu. Kwao, mafungu ya mchanga yanayotokeza maji yakipwa ndiyo mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu pembeni mwake maji ni ya magoti na sakafu ni mchanga mtupu. Hata hapo wavae viatu na waburute nyayo badala ya kuziinua, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, aondoke mwenyewe. Mtu akichomwa na mwiba wa taa au wa samaki yeyote mwenye sumu, tumbukizeni mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu mno, na kwa sababu hiyo jiko na birika viwe tayari muda wote mnapoogelea. Baada ya hapo apelekwe hospitali.

Mtakapofika Kilwa, kabla ya kupakia, itazameni mashua ikiwa tupu. Ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, iwe na maji kidogo tu, na mumuulize nahodha maji yake yalifuliwa, yaani yalitolewa, lini mara ya mwisho. Kama ni asubuhi hiyo na maji yamekwisha kufika kwenye mbao, kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, imechoka. Farumi, uzito wa kukiimarisha chombo, iwepo na iwe imepangwa vizuri isihame chombo kinapolala. Ombeni kuona cheti cha chombo cha mwaka huu kutoka TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na msione haya kuomba. Maji ya kunywa hesabuni lita 4 kwa mtu kwa siku: ninyi saba na mabaharia watatu, kwa siku tano, ni lita 200, katika madumu madogo mengi na siyo pipa moja linaloweza kupasuka. Simu ziwe ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na mtu mmoja aliyebaki nchi kavu awe na jina la mashua, la nahodha, na saa mnayotarajiwa kufika kila kisiwa.

Ikiwa mnaweza kusogeza safari, njoni Oktoba au Novemba mwanzoni, kusi inapokuwa imelegea, maji yamekuwa maangavu na papa potwe wameanza kuonekana upande wa Kilindoni. Na ikiwa ni lazima iwe Julai, tena Mafia kwenda Mafia, basi kaeni ndani ya ghuba ya Chole siku zote tano, mkizunguka visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Hapo yule nahodha wa bei nafuu atawatosha, na hamtahitaji mashine yake.

Kabla ya kumtumia yeyote fedha ya arubuni, mpigieni nahodha wa Kilwa mwombe yeye achague tarehe ya kuondoka kwa kuangalia mwezi, kisha mwambieni mbele ya wenzenu wote, simu ikiwa na sauti ya wazi, kwamba akisema tulale tusiondoke, tutalala na malipo ya siku hiyo atayapata.